Mgongo wa Bi Mwatum

Jecha, muuza pweza, ndiye aliyeileta habari Jambiani, tena aliileta kwa kicheko. Alikuwa ametoka Uroa kupeleka pweza hotelini. Akashusha ndoo yake mbele ya wanawake waliokuwa wakianika mwani, akasema, "Bi Mwatum, kumbe mwenzetu mtu mkubwa! Nimekukuta ukutani, mpana kama mlango, umeinama, mgongo huo kwa wageni."

Wanawake wakacheka. Halafu kicheko kikafifia.

"Mimi? Ukutani kwa nani?" akauliza Bi Mwatum.

"Pale wanapopokelea wageni. Kanga yako ile ya zambarau, yenye pindo la uzi wa kijani. Nani mwengine anayo?"

Kanga hiyo Jambiani nzima ikiijua. Fundi aliishiwa na uzi mweusi akaipinda kwa kijani, na Bi Mwatum hakuacha kumsema kila alipoivaa. Na pwani watu hujuana kwa migongo. Mwenzio akiwa mbali kwenye mwani, uso huuoni, unaona kanga tu, na inatosha.

"Wapiga picha hawa," akasema Bi Sichana, jirani na shoga wa Bi Mwatum tangu utoto. Alikuwa akigeuza mwani kwa mkono wake wa kushoto, kichwa hakuinua. "Wanakuja na salamu, wanaondoka na wewe ndani ya mkoba."

Hakuna aliyeuliza mpiga picha gani. Anayekwenda pwani pale na kamera ni mmoja tu, naye ni Nassra, mtoto wa kaka yake Bi Mwatum.

Nassra ana chumba kimoja cha juu Mkunazini, Mji Mkongwe. Humo hupiga picha za pasipoti, lakini jina lake limetoka kwenye harusi, upande wa wanawake. Huko simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, na kamera inayopita ni ya Nassra peke yake. Humpiga bibi harusi kichwa wazi, hina mpaka kwenye viwiko, na mashoga zake wanavyocheza bila ya buibui. Picha hizo hazitoki nje ya nyumba ile. Ndiyo maana wanamwita. Neno la Jambiani likifika mjini, kuwa Nassra anawatundika watu, hakuna mama atakayemfungulia mlango tena.

Picha za mwani hakuna aliyemuagiza. Ni zake mwenyewe, za moyo wake. Kila bamvua, maji yanapotoka mbali, yeye na rafiki yake Ilham hupanda vespa ya Ilham wakaenda kwa shangazi. Ilham hushika ubao uliobandikwa karatasi ya fedha kurudisha mwanga, Bi Mwatum huinama kwenye kamba zake za mwani, na Nassra hupiga. Sharti la shangazi lilikuwa fupi: uso usionekane, na picha isitoke bila ya yeye kuambiwa. Bi Sichana, ambaye kamba zake ziko ubavuni, naye alikuwa akisimama karibu kila mara. "Bi Sichana, sogea kidogo," Nassra humwambia, "unaniingilia kwenye picha." Naye husogea.

Jioni ile simu ikalia.

"Nassra."

"Naam, shangazi. Shikamoo."

Marahaba haikuja. "Umenitundika wapi?"

Nassra akaapa, shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanawake wanasema usije tena. Na mimi sikuwakataza." Simu ikakatika.

Nassra akakaa na kamera mapajani. Picha ya shangazi ameinama anayo kweli, aliipiga msimu uliopita, na kanga ni ileile. Yeye hakumpa mtu. Basi nani kampa? Akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja kichwani, na kila mara alirudi kwa Ilham. Ilham ndiye aliyewahi kukaa na kadi ya kamera. Ilham ana binamu yake anayefanya kazi hotelini, ingawa si Uroa. Na Ilham, alipopewa habari, alisema, "Mwenyewe wa kamera ni wewe, mimi mshika ubao." Kwa nini alilisema hilo haraka hivyo?

Asubuhi yake Ilham alikuja, akaenda kutia udhu asali dhuha. Mkoba wake ukabaki kitini. Nassra akaufungua. Kitana, kipande cha mkate wa ufuta, mafuta ya nazi. Kadi hakuna. Akafunga zipu, na kuikosa kadi hakukumtuliza. Alizidi kumtazama Ilham mgongoni wakati akisali, akijiuliza kadi ingeweza kuwekwa wapi kwengine.

"Twende Uroa," akasema Ilham alipomaliza. "Tukaione kwa macho."

Getini mlinzi akawapima juu mpaka chini. "Mnamtaka nani?"

"Shangazi yetu," akasema Ilham. "Yumo ndani, katundikwa."

Mlinzi hakucheka, lakini aliwapitisha.

Picha ilikuwa kubwa kama alivyosema Jecha. Nassra alisimama mbele yake. Zambarau, pindo la kijani, mgongo umeinama. Akasogea. Jua lilikuwa limelala kutoka nchi kavu, jua la alasiri, na yeye hajapata kupiga kule alasiri hata mara moja. Vespa ya Ilham haitakiwi kukutwa njiani na magharibi, basi huondoka mapema. Halafu akaitazama mikono. Mwanamke yule alikuwa akifunga taitai, vile vikamba vidogo vinavyoshikia mwani. Alikuwa akivifunga kwa kushoto.

"Si yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ilham, hii si picha yangu."

"Nnajua si yako. Sasa nambie ulichokuwa ukikitafuta kwenye mkoba wangu."

Nassra akaigeukia picha tena.

"Zipu yangu haifiki mwisho," akasema Ilham. "Wewe umeifikisha."

"Nisamehe."

"N'tafikiri. Piga hiyo picha kwa simu, tuondoke."

Mpaka Jambiani hawakusemezana. Bi Mwatum alikuwa uani, na Bi Sichana yupo naye, wamekaa mkeka mmoja wakisuka kamba. Nassra alimwamkia shangazi, akaitikiwa kwa shida. Akafungua picha, akampa simu.

Bi Mwatum akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Huyu si mimi," akasema.

"Kanga yako, shangazi."

"Kanga yangu. Mkono si wangu." Akaiweka simu chini polepole. "Sichana. Ile doti tulikata, fundi akazipinda zote mbili, ukachukua upande wako. Uko wapi?"

"Upi huo?"

"Usiniulize upi."

"Ah, ule ushachakaa. Nimefanya tambara la jikoni."

"Tambara," akasema Bi Mwatum. "Siku zote hizi uliutia sandukuni, huuvai hata Idi. Leo umekuwa tambara?"

Bi Sichana akaendelea kusuka. Vidole vyake vya kushoto vilikwenda, vikakosea, vikasimama.

"Alikuja mtu na kamera, mmoja wa hao wa hoteli," akasema. "Alasiri, pwani haina mtu. Kaniomba. Nikamwambia ngoja nikavae." Akamgeukia Nassra. "Wewe kila ukija, Bi Sichana sogea, Bi Sichana unaniingilia. Yule hakuniambia nisogee."

"Na mimi nikatukanwa pwani nzima," akasema Bi Mwatum, "nawe unageuza mwani!"

"Jecha kataja jina lako, si langu. Niliogopa kumpinga."

Ilham alikuwa akitazama pengine. Nassra, aliyekuja na maneno mengi ya kujitetea, akaiokota simu mkekani. Lile la sogea lilikuwa la kweli, na alilisema yeye.

"Kesho utawaambia wenzako wewe mwenyewe," Bi Mwatum akamwambia shoga yake. "Mimi sitokusemea."

Na kesho yake Bi Sichana aliwaambia, mbele ya Jecha na ndoo yake. Kisha akaingia majini, upande wake wa kanga kiunoni, wala haukuwa tambara hata kidogo. Nassra na Ilham, waliolala kwa shangazi, nao wakaruhusiwa kushuka na kamera. Ilham akainua ubao, bado hamsemeshi Nassra zaidi ya lililo lazima.

"Nisimame wapi?" akauliza Bi Sichana.

"Hapohapo ulipo, Bi Sichana."

Nassra akapiga. Kabla hajapiga ya pili, Bi Mwatum alikuwa keshatoka kwenye kamba zake, maji yakimchuruzika, amenyoosha mkono.

"Hebu nionyeshe."

Nassra akamwonyesha.

"Na ya safari iliyopita," akasema shangazi. "Na ya kabla yake. Kuanzia leo kuambiwa hakunitoshi, nitajionea mwenyewe."