Tulivyokaa matanga ndani ya treni ya Spånga

Filimbi ya konda pale stesheni ya Spånga. Piii, moja ndefu, halafu milango inajibamiza. Mpaka leo naisikia.

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaazima kwa mtu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya sabini, treni ya chini ya ardhi haijafika Hjulsta, jirani na Spånga. Mimi na Rehema tulikuja Stockholm kujifunza kutunza wagonjwa, tukapanga chumba kimoja Spånga kwa bibi wa Kiswidi. Mjini tulikwenda na treni hii. Mimi nakaa dirishani, najiona matroni tayari. Darasa la nane, ndoto za digrii, hahaha.

Basi Rehema akafiwa na mama yake. Habari zilimfika ameshazikwa.

Hakulia. Bibi mwenye nyumba hataki kelele wala wageni. Rehema akawa anatandika kitanda, anakwenda masomoni, anarudi. Kula hali. Nikaogopa nitampoteza.

Sasa, Rehema ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani. Kwenye msiba wao kazi yangu inajulikana. Lakini utamtania mfiwa kwa kunong'ona?

Jumapili nikamwambia, "Vaa koti, twende."

"Wapi?"

"Matangani."

Tukapanda treni ya kwenda mwisho wa reli, Kungsängen. Behewa karibu tupu. Nikajifunga kanga kiunoni juu ya koti, nikaanza.

"Nyie Wazaramo, hata kulia mnasubiri Mzungu awape ruhusa? Mama yako kaondoka kukimbia mapishi yako."

Akanikodolea macho. "We Mnyamwezi, koma."

"Sikomi. Ubwabwa wa msiba atanipikia nani? Wewe unayeunguza maji?"

Akacheka. Kicheko kikakatikia katikati, akalia, kilio chenyewe, cha kwetu. Mzee mmoja akahama kiti. Konda akaja kukagua tiketi, akatutazama, akarudi alikotoka, akafunga mlango wa behewa taratibu.

Tulikwenda na kurudi mpaka sauti ikamkauka. Jioni akala.

Nilichojifunza: msiba si lazima uwe na nyumba, ila uwe na mtu wa kukuchokoza. Nyie mlio mbali, watani mnawapata wapi? Semeni hapo chini.

Nimalizie. Rehema alimaliza kozi akarudi Dar. Baridi iliyofuata, mama yangu akafa Tabora. Nikapanda treni ileile peke yangu. Nikajifunga kanga juu ya koti, nikajisemea kwa sauti, kwa maringo ya Rehema:

"Mnyamwezi, si kazi yenu kubeba mizigo? Huu umekushinda. Tua."