Daktari wa Kwenye Faili

Nilipokuwa na miaka sita, shirika moja la ng'ambo lilifungua ofisi mtaani kwetu Sarang'ombe, likaanza kutuandikisha ili wafadhili watulipie karo. Madam wa ofisi aliniuliza nikiwa mkubwa nataka kuwa nani. Nikamwambia nataka kuuza mayai boilo na kachumbari. Akaandika daktari.

Tangu siku hiyo, kila mwaka namwandikia mfadhili wangu, mama mmoja mzee wa huko kwao, kwamba bado nautaka udaktari. Shida ni kwamba nikiona damu nazimia, hata ya kuku. Na mwaka huu niko Gredi ya Tisa, tunachagua masomo ya sekondari ya juu. Mimi nataka sanaa. Niwe mchekeshaji, nilipwe kwa makosa ambayo sasa hivi nachapiwa bure.

Wiki hiyo ya kuchagua masomo mwalimu akatufundisha ukoloni. "Mzungu alimpangia babu ya babu yako kazi. Wewe mpishi, wewe mpagazi. Hakuuliza mtu."

Jirani yangu wa dawati akasema, "Huyu naye amepangiwa daktari, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanigeukia. "Na bila hao wafadhili ungekuwa umekaa hapo?"

Hapo alinimaliza, kwa sababu nisingekuwa.

Jumamosi ya kuwaandikia wafadhili barua tulienda ofisini na mathe, mama yangu. Niliandika ukweli wote. Madam akasoma, akanirudishia kama sufuria chafu.

"Hii haiendi."

"Madam, si ni barua yangu?"

"Barua ni yako. Bahasha ni ya shirika."

Mathe akanifinya chini ya meza. Nikanakili ya mwaka jana. Lakini pale chini kuna kisanduku cha mchoro, na mchoro hakuna anayeukagua. Nikajichora nimevaa koti jeupe, nimelala sakafuni chali, mgonjwa ananipepea kwa kadi yake ya hospitali.

Baada ya miezi miwili mfadhili akajibu. Alitaka kujua kitu kimoja tu: huyo aliyelala chini ni nani, na je, anaipenda kazi yake?

Madam alisoma mara tatu. Akafungua faili kutafuta jibu, halimo. Mwishowe akanisukumia karatasi.

"Jibu mwenyewe. Hii sitaisoma."

Mathe akanisogelea sikioni. "Andika ukweli, we kijana. Lakini uanze na asante."

Nikaanza na asante. Kabla sijaufikia ukweli karatasi ilikuwa imejaa, ikabidi niombe nyingine.