Mzee Aliyemuulizia Nsimire

Sitakuapia. Watu huapa kila siku na hudanganya kila siku. Niamini kwa sababu hadithi hii inaniaibisha, na hakuna mtu mwenye akili anayetunga uongo wa kujiaibisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wenzangu bwenini walipoanza habari za majini na wafu wanaotembea. Nilikuwa nawahoji kama polisi: nani mwingine alikuwepo? Mwanga ulikuwaje? Ulikuwa umekunywa nini? Basi nihoji na mimi. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka, nimekunywa chai ya rangi.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nimesomea mazingira hapa Durban, nikamaliza shahada ya pili, na msimu huu wa baridi nilikuwa nasubiri karatasi za kuniruhusu kufanya kazi. Nimepanga chumba cha uani Overport, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja wa Kihindi ambaye kila mtu anamwita Aunty. Sina kazi, kwa hiyo kila alasiri nilikuwa natembea mtaani na daftari, naandika ninachokiona.

Na kuna mengi ya kuona. Baridi ya Durban ni ya adabu. Watu wanavaa makoti mazito kama wanakwenda Ulaya, lakini ikifika mchana nguo zimekauka kambani na paka wamelala juu ya mabati. Mishubiri inachanua maua mekundu kando ya kuta. Ndege aina ya chozi wanagombana juu yake tangu asubuhi. Kwarara wanachokoachokoa nyasi kavu kwa midomo yao mirefu, halafu wanaruka wakipiga kelele kama mlango wenye kutu. Tumbili wanapita juu ya kuta kwa ukoo mzima, mama na mtoto aliyening'inia tumboni, wakitafuta dirisha lililosahauliwa wazi. Mvua hakuna. Wiki tano, sita, vumbi tu.

Mtaa pia una kikundi chake kwenye simu. Aunty aliniingiza ili nimsomee, maana macho yake yamechoka. Mwanzoni nilifurahi: mbwa amepotea, tumbili wameingia jikoni kwa fulani, nani ana ndimu za ziada. Kisha nikaona kazi yake hasa. Mtu yeyote mweusi asiyejulikana akipita kwa miguu, anapigwa picha. "Mwanamume, koti la kijivu, anatembea polepole." Anatembea polepole! Hilo nalo ni kosa. Gari la walinzi linakuja, na yule mtu anasindikizwa mpaka kwenye robot, taa za magari za barabara kubwa, kama mbuzi aliyeingia shambani.

Nilikasirika, ndiyo. Lakini nilikasirika kimyakimya. Kumbuka hilo.

Chini kidogo ya mtaa wetu kuna saluni ya Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Nilikuwa naenda kunyolewa pale kila baada ya wiki mbili, lakini kwa kweli nilikuwa nafuata Kiswahili. Chake si changu, lakini kinapasha moto. Alikuwa akinitania: "Professa, wewe unauliza-uliza tu. Iko siku utamuuliza hata Mungu kitambulisho." Sote pale saluni tulijua kwamba anasubiri habari za baba yake. Mji wao ulipoharibika kwa vita, mzee alikimbia, na mara ya mwisho alisikika yuko kambini Burundi. Kila simu ikilia, Mama Furaha alikuwa anaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

Sasa sikiliza vizuri.

Jumatatu moja nilikuwa chumbani nikasikia sauti getini: "Hodi!" Overport hakuna anayebisha hodi, watu wanabonyeza kengele. Nikatoka mbio. Nilimkuta mzee mwembamba, koti la kijivu, viatu vimefungwa kwa kamba ya katani. Nikamwamkia shikamoo. Akacheka, meno mawili hayapo. "Marahaba. Nilijifunza ile salamu Kigoma. Ninyi watu wa Tanzania, mtu hawezi kuomba hata maji bila kuamkiwa kwanza."

Nikamletea maji, akanywa yote. Akaniuliza, "Mtoto wangu, unamjua Nsimire? Binti yangu. Anaishi huku Overport. Simu yangu waliiba mpakani, na namba yake ilikuwa mle ndani."

Nikafikiri kidogo. Kidogo sana. Nikasema, "Simjui, mzee."

Akaniambia ameuliza nyumba zote za barabara ile, hata kwa Wakongo wawili aliokutana nao dukani, na hao pia hawamjui. Nikasema pole. Nikatazama saa, nikarudi ndani.

Umeshaelewa, sivyo? Wewe umeelewa kwa dakika mbili. Mimi mwenye shahada mbili sikuelewa. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakufa mdomoni mwa watu. Anakuwa Mama fulani. Tunaita hiyo heshima. Mwaka mzima Mama Furaha alinishika kichwa, akanipa ugali na sombe, kisamvu cha kwao, alipoona nimekonda, na sikuwahi kumuuliza jina alilopewa na baba yake. Hao Wakongo wawili wa dukani ni wateja wake. Nao walisema hawamjui. Hawakudanganya.

Jioni ile ile picha ya mzee ilikuwa kwenye kikundi. Aliyeituma ni jirani wa ng'ambo, mwenye kamera nne ukutani na mbwa watatu, ndiye mkubwa wa kikundi. Aliandika kwamba mzee "anauliza majina ili ajue nani hayupo nyumbani". Vidole gumba kumi na kitu vilimsifu. Mimi niliandika jibu refu la hasira, nikalisoma, nikalifuta. Nilijiambia sitaki kumletea Aunty matatizo. Jumanne walinzi walimfukuza mara mbili. Jumatano baridi kali ilipanda kutoka kusini na mvua ikanyesha usiku kucha, mvua ya kwanza baada ya wiki zote zile. Nikaandika daftarini: "Mvua. Vyura wamelia." Nilifurahia vyura.

Jumamosi hali iligeuka. Kuna siku za baridi hapa ambapo upepo wa moto hushuka kutoka milimani, kila kitu kinakauka mara moja, majani yanapasuka mkononi kama karatasi. Siku ile ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha geti bila shati, naandika. Nikasikia hodi.

Nikajibu, "Karibu!" kabla sijainua kichwa.

Mzee alikuwa amesimama mahali pale pale, kando ya mshubiri. Nikamwamkia. Hakujibu. Hilo lilinishtua kidogo, kwa jinsi alivyoipenda ile salamu. Halafu nikaona koti lake. Lilikuwa limelowa chapachapa, linatiririka maji kwenye pindo. Katika upepo ule! Nguo za Aunty zilikuwa zinapiga makofi kambani, zimekauka kama mbao, na huyu anadondosha maji.

"Mzee, umelowa wapi?"

"Nimefika," akasema. "Mwambie Nsimire nimefika."

Nikamletea kikombe cha maji na kipande cha mkate. Hakupokea. Nikauweka mkate juu ya ukuta. Chozi mmoja akatoka juu ya waya akateremka kwenye ua lililokuwa nyuma ya bega la mzee. Hakuzunguka. Alinyooka, akapita pale palipokuwa kifua, akaanza kunyonya ua. Niliona kwa macho yangu, nikajiambia macho yamechoka na jua. Ndivyo tunavyofanya sisi tuliosoma: kitu kikitushinda tunayalaumu macho.

"Una daftari," akasema. "Niandike. Kule nilipo wamenipa namba. Jina langu hakuna anayelijua."

Nilidhani anazungumzia ofisi za wakimbizi. Kila mkimbizi ana namba ya faili, nani asiyejua? Nikakaa chini kuandika. Akatamka polepole, nami nikaandika kama mwanafunzi: Mugisho Cirhuza, baba ya Nsimire na ya Bahati aliyebaki njiani. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, tupu mpaka kwenye kona. Mtu mwenye viatu vya kamba hawezi kuifikia kona ile kwa muda wa kuandika mstari mmoja. Mkate ulibaki ukutani mpaka Jumapili. Tumbili walipita karibu yake wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyeugusa.

Unajua nini kilinitoa ndani? Si hofu. Ni kikundi. Kabla magharibi haijaingia, jirani wa ng'ambo alikuwa ameshatuma video: mimi, kifua wazi, nashika kikombe nje ya geti, naongea, natikisa kichwa, nakaa chini naandika. Mbele yangu hapakuwa na mtu. "Mpangaji wa Aunty anaongea na ukuta. Dawa za kulevya?" Vicheko kwa safu.

Nikavuka barabara nikapiga geti lake kwa ngumi. Mbwa wakapagawa. Akatoka na taulo begani.

"Umemfuta yule mzee kwenye picha!" nikamwambia. "Umemfuta ili unidhalilishe!"

"Mzee gani?"

"Wa koti la kijivu! Mliyemfukuza!"

Akanitazama, hasira ikamtoka usoni ikabaki haya. "Eish, kijana," akasema. "Yule alikutwa amekufa Alhamisi asubuhi, nyuma ya maduka. Mvua ile. Gari la maiti lilikuja kumchukua, nilidhani wote mnajua."

"Mliliandika hilo kwenye kikundi?"

Akageuka kuwafokea mbwa wake.

Hawakuandika. Siku tatu picha yake ilizunguka mtaa mzima kwa kuwa anatembea. Alipoacha kutembea, hakuna aliyekuwa na habari ya kutuma. Nilimwambia yule mtu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na siyajutii. Ninachojutia ni kwamba kila neno lilikuwa linanihusu na mimi.

Nikateremka mpaka saluni. Sikujua naenda kufanya nini. Mama Furaha alikuwa anamsuka msichana mmoja, taa imewashwa, redio inaimba. "Professa! Uko na kasirani leo. Nani amekukosea? Ikala hapa."

Nikakaa. Nikasema, "Mama Furaha, wewe unajua Wakongo wote wa huku. Kuna mtu anaitwa Nsimire?"

Chanuo lilidondoka. Msichana akageuka kutazama.

"Ile jina," akasema, "umeitosha wapi? Nani amekupa?"

Nikampa daftari. Akasoma mstari ule kwa kidole. Alipofika kwenye jina la Bahati akaketi sakafuni, juu ya nywele zilizokatwa. Bahati ni kaka yake. Watu wa Durban hawamjui Bahati. Mimi sikuwa namjua Bahati. Nieleze wewe, basi, nilimtoa wapi. Nimejaribu kila maelezo, nimeyaandika hata kwenye karatasi: jua, njaa, ndoto ya mchana. Nayakata yote na lile jina linabaki.

Jumatatu tulikwenda mochwari ya serikali. Alikuwa pale, na kweli walikuwa wamempa namba, imefungwa kidoleni mwa mguu. Karani alituambia asiyekuwa na mtu angezikwa na wenzake wasiojulikana mwisho wa juma. Karani alianza kuandika jina, akalikosea. Binti akampokonya kalamu, akaandika mwenyewe.

Tulimzika vizuri. Watu wa kanisa lao waliimba mpaka sauti zikakauka. Baada ya maziko Nsimire alinivuta pembeni akaniuliza jambo moja: "Alikuja kwako kabla hajafa?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Alikuja. Jumatatu. Aliniuliza jina lako, nikasema sikujui."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Mwezi uliofuata alihamishia saluni yake Isipingo, kusini mwa jiji, na nikimpigia simu hapokei. Nywele zangu najinyoa mwenyewe, vibaya. Nimetoka kwenye kikundi, lakini kabla ya kutoka nilituma jina la mzee, lote, mara moja. Hakuna aliyejibu. Alasiri nikisikia mlio wowote getini, hata wa tumbili, natoka nikiwa nimeshika kalamu. Sijui nitamwandika nani. Sijaweza kuacha.

Utaniuliza kama sasa naamini mizimu. Usiniulize upuuzi. Jiulize wewe, hapo ulipo. Yule Mama fulani anayekuuzia maandazi, anayekusalimia kutoka ng'ambo ya ukuta, anayekulelea mtoto ukiwa kazini: baba yake alimwita nani? Akija mtu leo kutoka mbali, viatu vimefungwa kwa kamba, akamtaja kwa jina hilo, utasema unamjua?

Kamuulize. Weka hadithi hii chini, nenda kamuulize.