Kuku wa Sengi Minza

Samli ikianza kuyeyuka motoni, mguu wangu wa kushoto huisikia harufu kabla ya pua. Wajukuu hunicheka nikisema hivyo. Basi wacha niwaeleze ninyi, labda hamtacheka.

Tulikaa Ushetu, baba yangu Masanja akilima pamba na tumbaku kidogo. Siku ya kupeleka pamba nilikwea juu ya magunia kwenye mkokoteni, nikawa nacheza huko juu kama bibi harusi. Ng'ombe walikuwa wawili, Sumuni na Kapera. Kapera akashtuka, nikarushwa, nikatua na muundi wangu kwenye gurudumu. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo tu, kama mtu anavunja kijiti kikavu cha kuwashia moto.

Mganga wa mifupa alikuwa Mzee Lugembe, mtu mfupi mwenye vidole vya baridi. Alinikanda kwa samli ya moto, akaunyoosha mguu huku baba amenishika mabega, akaufunga kwa vipande vya mianzi na kamba za magome. Halafu akaomba kuku. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kuku naye alivunjwa mguu, akafungwa vijiti vidogo kama vyangu. Siku kuku atakapotembea, maana yake na mimi nimeunga, nifunguliwe. Nilimlilia yule kuku kuliko nilivyojililia mwenyewe. Nikampa jina Nyamizi, jina la jirani yetu aliyependa kushinda amekaa.

Aliyeniuguza ni sengi Minza. Sengi ndiyo shangazi kwa Kisukuma chetu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda tangu utotoni, akitembea anayumba, na hakuolewa. Naye aliungwa kwa kuku. Baba alikuwa akisema, "Kuku wake alitembea vizuri kabisa, akafunguliwa siku ile ile. Ni kijicho cha watu tu kilichompinda." Sengi akisikia maneno hayo alikuwa anaendelea kuchambua mlenda, hanyanyui uso.

Mimi niliogopa kitu kimoja tu duniani: nisije nikatembea kama yeye.

Kila asubuhi alinibeba mgongoni, mguu wangu mgumu ukining'inia kama mpini wa jembe, akanilaza juani. Alinilisha maziwa mgando na dagaa, tena pamoja na vichwa vyao, nikitema anaviokota ananirudishia mdomoni. Nami nilikuwa namtazama Nyamizi kando ya mtungi. Mwezi ukaandama, ukaisha. Amekaa tu. Nikaanza kumchukia. Wenzangu walikuwa wanapita wanaimba kwenda kisimani, mimi nimefungwa kwa sababu ya kuku mvivu!

Kulipokucha siku moja niliamka mapema kuliko kawaida. Nyamizi alikuwa anatembea. Anatembea kweli, anadonoa punje za mtama, mguu imara. Kabla sijafungua mdomo, sengi akamdaka, akamfunga miguu kwa uzi wa katani, akauficha uzi chini ya manyoya, akamkalisha mahali pake.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba, kuku anatembea!"

"Nyamaza, mwanangu," sengi akanong'ona. "Bado."

Baba akaja anafunga msuli. Akamtazama kuku, kuku akamtazama.

"Mbona kakaa?"

"Anaota huyo, kaka. Homa ya kulala sana."

"Mwongo!" nikamwambia sengi mbele ya baba. "Una kijicho. Unataka niwe kiwete kama wewe!"

Baba alininyooshea kidole, lakini sengi akamshika mkono. Alikwenda akaleta maziwa, akaninywesha, kikombe kikagonga meno yangu.

Ukaandama mwezi wa pili, nao ukawa unakonda, ndipo siku moja kuku "akapona". Mzee Lugembe akaitwa, akanifungua. Mguu ulikuwa mwembamba kama wa korongo, lakini umenyooka. Akasifiwa kijiji kizima, akaondoka na mbuzi. Mimi nilikwenda kisimani na wenzangu, na siku nyingi sikumwamkia sengi.

Mwaka huu goti limenisumbua, mwanangu Shija akanipeleka hospitali Shinyanga mjini, nikapigwa picha. Dokta Neema, binti mdogo mwenye miwani, akaniwekea picha kwenye mwanga. "Shikamoo bibi. Goti ni uzee, gegedu limelika. Lakini huu muundi ulivunjika, eti?"

Nikamweleza habari ya kuku. Alicheka kwanza, kisha akaacha. Akasema mfupa ni kitu hai, una damu. Ukivunjika huota kitu laini cha kuunganisha kwanza, kisha taratibu hukomaa. Wa kuku ni mwepesi, huunga upesi. Muundi wa mtoto hutaka muda zaidi ya huo. Ukiukanyaga ungali laini, unapinda.

Nikaitazama ile picha. Nilikuwa namwona sengi, msichana mdogo, anafunguliwa kwa furaha kwa sababu kuku katembea. Alijua kosa liko wapi, alilijua kwa mguu wake mwenyewe, na nani angemsikiliza mwanamke kiwete akimbishia Lugembe? Akachukua uzi wa katani. Akakubali nimchukie.

Amelala Ushetu miaka mingi sasa. Lile neno langu sikuwahi kulirudisha.

"Umenyooka vizuri sana," Dokta Neema akasema. "Nani alikuunga, bibi?"

Jina la Lugembe lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Minza," nikamwambia. "Sengi yangu."