Dresa wa Ekero Anayewauguza Wageni wa Mashamba ya Miwa

Saa moja kasorobo asubuhi, benchi la mbele ya zahanati moja ndogo ya kanisa hapa Ekero limejaa wanaume walionyoosha mguu wa kushoto. Ni mmoja tu, mwishoni, aliyenyoosha wa kulia.

Risper Makhanu anapita mbele yao na beseni la maji ya zambarau, yaliyotiwa dawa ya kuoshea vidonda. Anainama, anafungua kitambaa kilichogandamana na damu, anatazama, anahamia kwa anayefuata. Hamuulizi mtu kilichotokea.

"Mtu akikata muwa kwa mkono wa kulia, panga ikiteleza itaenda wapi? Ni kwa muundi wa kushoto," anasema huku akikamua pamba. "Nikiona ameumia mguu wa kulia, najua huyo anatumianga mkono wa kushoto, ama amepigana."

Benchi zima linacheka. Kijana mmoja wa mwishoni anauficha mguu wake wa kulia chini ya benchi, na kicheko kinaanza upya.

Risper ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Yeye ni dresa, yaani msafishaji na mfungaji wa vidonda, kazi ambayo ameifanya kwa miaka kumi na miwili kwa mshahara ambao sasa umefika shilingi mia tatu na themanini kwa mwezi. Wagonjwa humwita "Sista", naye huwasahihisha kila mara. "Sista amesoma. Mimi nilianza hapa nikipiga deki."

Tangu kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa karibu na hapa, mapema katika muongo uliopita, Ekero imebadilika sura. Mashamba yaliyokuwa ya mahindi na mtama sasa ni miwa hadi mlangoni. Maduka yamejipanga kandokando ya barabara, na matrekta yenye matrela hayanyamazi mchana kutwa. Ila wengi wanaoishika panga si wenyeji. Hutoka mbali: Teso, Kisii, miteremko ya Elgon, nyanda za juu za Nandi. Wenyeji huwaita abacheni, yaani wageni.

Mfanyakazi wa kudumu kiwandani ana kadi ya matibabu. Mgeni anayeandikwa na kontrakta hana. Ili atibiwe, sharti aje na barua ya mwajiri wake, na barua hiyo mara nyingi huchelewa kuliko ugonjwa.

"Mwaka wa sabini na sita tulimzika mtu hapa tukimwita Yule wa Kofia," anasema Risper, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Pepopunda ilimuua. Hakuna aliyejua jina lake wala kwao. Ndugu yake alifika miezi minne baadaye, akiuliza duka kwa duka. Mimi ndiye nilimpeleka kaburini. Hakulia. Aliniuliza tu, 'Alikuwa anaita nani?' Hakuna mtu aliyekaa na yeye hata amsikie."

Ukimuuliza kwa nini mambo ya wageni humkaa moyoni hivyo, atakupa habari za baba yake.

Risper alizaliwa Navakholo, mtoto wa tatu wa mzee Makhanu. Miaka mingi kabla ya Uhuru, baba huyo alikwenda pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Huko akaugua homa ya matumbo. Wenzake walimwacha katika kijiji kimoja cha wavuvi wakidhani hamalizi juma. Mwanamke mmoja wa kijiji hicho, aliyejulikana kwa jina la Mama Mwanaisha, alimlaza kwenye ukumbi wake, akamnywesha uji wa mchele, na kila siku akawaomba vijana wambebe kwenye machela hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya kijiji. Aliuguzwa siku ishirini na moja.

"Baba alisema alipopona, alitaka kumlipa. Yule mama akakasirika. Akamwambia, 'Umekuja pwani kwetu mzima, utaondoka kwetu mzima. Nikuache ufe, nitamwambia nini mamako?'" Risper anatabasamu. "Baba hakujua hata mama huyo ni wa ukoo gani. Lakini sisi wote tuko hapa kwa sababu yake. Mimi nilizaliwa baada ya hiyo safari."

Mwezi wa Mei mwaka 1978, katikati ya mvua ndefu, ilikuwa zamu ya Risper.

Wanaume wawili walifika zahanati wakisukuma baiskeli. Juu ya baiskeli walikuwa wamemfunga mwenzao kwa kamba asianguke. Alikuwa Kipsang, kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka nyanda za juu za Nandi, kwenye baridi ambako mbu ni wachache. Alikuwa na wiki mbili tu kwenye miwa. Mwili ulikuwa unawaka, macho yamegeuka manjano, na maneno yaliyomtoka hayakuwa na mwanzo wala mwisho.

Mganga wa zahanati, Bwana Philemon Wanyonyi, alikuwa amekwenda Kakamega kuchukua dawa. Barua ya mwajiri haikuwapo. Kabla Risper hajamfungua mgonjwa kamba, nyapara wake akafika mbio.

"Huyo amelewa busaa, mama. Wacha arudi kambini alale."

"Nimenusa mdomo wake," Risper akamjibu. "Nusa na wewe."

Nyapara hakunusa. Alisema kwamba bila barua zahanati haina ruhusa, na kwamba kontrakta, Bwana Joash Shikanga, hatapenda.

Dresa haruhusiwi kudunga sindano ya malaria bila amri ya mganga, na Risper hakutaka kuvunja sheria hiyo. Alisaga vidonge vya klorokwini, akamnywesha Kipsang kijiko kwa kijiko, nusu vikarudi. Alipoona kijana ameanza kukakamaa shingo, alitoka akasimama katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili. Lori lililobeba magunia ya sukari likafunga breki.

"Dereva aliniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia, 'Ndiyo, na niko na mgonjwa.'"

Akapanda naye juu ya magunia, kichwa cha Kipsang mapajani, hadi hospitali kuu ya mkoa mjini Kakamega. Njiani alimuuliza jina mara nyingi kwa sababu aliogopa kumpeleka mtu asiyejulikana. Kijana alitaja jina la mama yake tu. Madaktari walimpokea malaria ikiwa imeshapanda kichwani. Siku ya nne alifungua macho akaomba maziwa.

Lakini Risper alikuwa ameacha benchi lenye wagonjwa tisa. Shikanga alilalamika kwamba dresa huyo anawafundisha watu wake uvivu, na kamati ya zahanati ikampa barua ya onyo pamoja na wiki mbili za kukaa nyumbani bila mshahara.

"Niliona aibu," anakiri. "Hata sokoni sikuenda. Mume wangu Barasa aliniuliza, 'Ungemwacha?' Nikasema hapana. Akasema, 'Basi shika jembe tupalilie maharagwe.'"

Siku ya tisa walikuwa shambani wakipalilia waliposikia gari likizimwa barabarani. Shikanga alikuja akipita kwenye matope na viatu vyake vya ngozi, kofia mkononi. Katika kambi yake ya watu thelathini na wanne, kumi na mmoja walikuwa wamelala na homa. Miwa iliyokatwa ilikuwa imelala shambani siku ya tatu ikikauka, na wazima waliobaki walikuwa wakifunga mizigo yao kurudi kwao.

"Mama Dorothy," alisema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake. "Nimekuja."

"Naona umekuja."

Barasa alitaka kusema neno. Risper akamgusa mkono. Kisha akamuuliza Shikanga swali moja tu: "Hao watu wanalalanga wapi?"

Walikuwa wakilala kwenye banda la zamani bondeni, mahali matrekta yalipokuwa yamechimba mifereji kwa magurudumu na mvua ikaijaza maji. Walipofika huko, Risper hakuhutubu. Alichota maji ya mtaro kwa bakuli jeupe, akalisogeza machoni pa kontrakta. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapinda na kunyooka ndani yake kwa mamia.

"Hawa ndio wanyapara wako wa usiku," akamwambia. "Wanachapa kazi kuliko yule wa mchana."

Shikanga mwenyewe huisimulia siku hiyo bila kujitetea. "Nilikuwa nimepita karibu na hilo banda miaka mitatu," anasema ofisini kwake, chumba chenye meza moja na kalenda mbili. "Sikuwa nimeingia ndani hata siku moja. Nililijua kwa idadi ya watu, si kwa harufu. Mama alinifanya nikaingia, na nikatoka nikitapika."

Jioni hiyo hiyo kambi ilihamishwa hadi mlimani, kando ya ghala lake la mahindi. Mganga Wanyonyi alikuja na sindano na akatibu tangu mchana hadi jua kuzama. Wawili walipelekwa Kakamega kwa gari la Shikanga. Kumi na mmoja wote walipona. Jumatatu iliyofuata kontrakta alikwenda mbele ya kamati akaondoa malalamiko yake kwa mdomo wake, na Risper akarudi kwenye beseni lake.

Tangu hapo, mgeni yeyote anayeandikwa na Shikanga hashiki panga siku ya kwanza. Asubuhi yake ya kwanza ni ya zahanati. Anadungwa sindano ya kuzuia pepopunda, anapewa vidonge vya malaria, na anakabidhiwa kadi ya rangi ya kijani yenye jina lake, jina la chifu wake na jina la mtu wa kuitwa likitokea la kutokea. Gharama ni ya kontrakta. Makontrakta wengine watatu wamefuata. Wengine wanasema ni kubembeleza watu, na bado watu wao huletwa kwa baiskeli bila barua.

"Hao ninawapokea tu," anasema Risper. "Mganga amekubali. Barua itanikuta nikifunga kidonda."

Kipsang alirudi. Msimu huu yuko kambini kwa mara ya tatu, mnene kidogo, na ndiye anayewaleta wageni zahanati kila Jumatatu. Huwaambia kwa Kiswahili chake cha pole pole wasimwogope mama mwenye beseni.

"Mimi sikumbuki lori," anasema. "Nakumbuka mtu ananiuliza jina. Mimi nataka kulala, yeye anauliza. Nikasema moyoni, huyu mama anasumbua sana. Baadaye daktari akaniambia ningelala, singeamka."

Mama yake Kipsang alisafiri mwaka jana kutoka milimani akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Yeye na Risper hawakuwa na lugha moja. Walikaa jikoni nusu siku, wakala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na kila mmoja akazungumza lugha yake. "Tulielewana," Risper anasema kwa kifupi.

Nyuma ya zahanati kuna msingi wa chumba cha vitanda vinne, kazi ya wakata miwa wenyewe waliofyatua matofali siku za Jumapili baada ya ibada. Kuta zimefika kiunoni. Mabati bado, lakini kanisa limeahidi, na Shikanga amesema mbao ziko juu yake. Ndani yake atalazwa mgeni asiye na jamaa wa kumpikia.

Jambo ambalo Risper hulitaja kwa sauti ya chini ni lingine. Ameomba nafasi ya kusomea uuguzi mjini Kakamega. Mwanawe Dorothy, mwalimu, alimsaidia kuijaza fomu mezani, na wakaifuta tarehe ya kuzaliwa mara mbili kabla ya kuamua kuandika ile ya kweli. Ameitwa kwenye mahojiano Jumanne ijayo. Atafikia kwa dadake Alice, mtaa wa Amalemba, ili asichelewe.

Wasichana atakaokaa nao kwenye foleni wana umri wa mwanawe. Hilo linamtia hofu, anasema, kuliko mahojiano yenyewe. Ila gauni ameshalipiga pasi.

"Wakiniuliza kwa nini nataka darasa na umri huu," anasema, akimwaga maji ya zambarau kwenye nyasi na kulikung'uta beseni, "nitawaambia ukweli. Mgeni hasafiringi na daktari wake. Lazima amkute mahali anapofika."