Mashine ya Nzuzi

Mapacha wa Mama Mapasa hawakuwahi kununuliwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo sheria kwa watu wa Kongo ya Chini, na ni kali kuliko sheria nyingi zilizoandikwa Kinshasa, kwa sababu hii inafuatwa. Ukimpa Nsimba shati, umempa Nzuzi shati. Ukimkaripia Nsimba, unamtafuta Nzuzi popote alipo umkaripie naye, hata kama kosa halijui. Nsimba alipooa, Nzuzi alinunuliwa redio asije akanuna, na kwa miaka mingi alidai kwamba yeye ndiye aliyepata kilicho bora, maana chake kilikuwa na kitufe cha kuzimia.

Basi walipopenda gita, yalinunuliwa magita mawili. Nsimba alishika solo, lile linalopaa na kusifiwa. Nzuzi alishika mi-solo, gita la kati linalojipenyeza pale solo anapovuta pumzi, na ambalo hakuna anayelisikia mpaka siku likikosekana. Siku hiyo ilifika msimu wa mvua. Presha ilimwangusha Nzuzi akinyoa ndevu, upande mmoja umekwisha, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshakwenda kuokota kuni.

Ndivyo inavyosemwa. Pacha hafi, amekwenda kuokota kuni. Na kwa kuwa hakufa, haliliwi. Ukimlilia unamuudhi, naye akiudhika humwita mwenzake aje amsaidie kubeba mzigo. Walimzika kwa nyimbo za mapacha, zile za matusi ya kuchekesha, na Nsimba aliyaimba matusi yote hadi mwisho, macho makavu. Tangu hapo hakugusa gita.

Sasa siku ya kumaliza matanga ilikuwa imekaribia, na bendi yao ya hapo Ngaba, mtaani kwao Kinshasa, ilitakiwa ipige. Makiese, mpiga dramu na kiongozi wa bendi kwa sababu ndiye mwenye sauti kubwa, akaja kuuliza kama vyombo viko tayari.

"Kile kisanduku cha mwangwi kinakwaruza," Nsimba akasema.

Makiese alijua kuwa hakikwaruzi. Visanduku hivyo vya kuupa mlio wa gita mwangwi vilikuwa viwili, cha Nsimba na cha Nzuzi, vimepigiliwa misumari ndani ya kasha moja la mbao, na kasha halikuwa limefunguliwa tangu mazishi. Kulifungua ni kuviona vyote viwili.

"Basi tutafute kitu cha akiba," Makiese akasema. "Cha bei ya kawaida tu."

"Cha akiba," Nsimba akakubali, na wote wawili wakashukuru kimoyomoyo kwamba neno hilo lipo.

Aliyekwenda kununua ni Landu, dada yao. Kila anayezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Landu, na pamoja na jina hurithi kazi ya kuwahudumia. Huyu alikuwa na kibanda cha viatu sokoni, na angeweza kupatana bei hata na mvua. Alirudi na mashine ya kugeuza sauti ya gita, ya plastiki, ukubwa wa tofali, yenye vitufe viwili vya kukanyaga na kioo kidogo cha bluu.

"Ina sauti mia, kaka. Muuzaji anasema hata Ulaya wanaitumia."

"Muuzaji wa Kinshasa hajawahi kuuza kitu ambacho Ulaya hawakitumii," Makiese akasema. "Chomeka tuone."

Umeme ulikuwepo, jambo ambalo Makiese alilihesabu kuwa dalili njema. Nsimba alikaa kwenye kigoda uani, gita limeungwa kwenye mashine, mashine kwenye spika ya kuazima kanisani. Sauti ya kwanza ilikuwa ya gita linalochinjwa. Ya pili ilikuwa ya gita hilohilo likiburutwa kupelekwa jikoni.

"Hizi ni za Wazungu waliogombana na wazazi wao," Makiese akasema. "Pita, pita."

Nsimba akapita nyingi za aina hiyo, mpaka akafika kwenye moja safi, inayong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na mwangwi mfupi nyuma yake. Akapunguza hiki, akaongeza kile. Akapiga kifungu chao cha kufungulia sebene, ile sehemu ya wimbo inayoachiwa magita na wachezaji, akaacha nafasi.

Mashine ikajibu.

Ilijibu palepale ambapo Nzuzi hujibu. Vidole vya Nsimba vikasimama. Makiese akaanza kuchunguza viatu vyake kana kwamba anataka kuviuza. Nsimba akarudia, mashine ikajibu tena, kwa adabu, bila kuchelewa, na hapo ndipo alipoona kasoro yake. Ilikuwa inamrudishia maneno yake mwenyewe. Nzuzi hakuwahi maishani kukubaliana naye. Solo ikipanda, yeye alishuka. Solo ikijisifu, yeye aliicheka. Na kila mara aliingia amechelewa kidogo, kama mtu anayekuja kanisani ameshiba. Watu wa Ngaba walicheza kwa sababu ya kule kuchelewa.

"Ni nzuri," Nsimba akasema. Na kwa bei ile, ilikuwa nzuri kweli.

Mama Mapasa alitoka jikoni na mwiko wenye pondu, mboga ya kisamvu, mkononi. Akaitazama mashine. Akazunguka nyuma ya kigoda, akainama, akatazama chini ya meza.

"Ya Nzuzi iko wapi?"

Makiese akamtazama Landu.

"Landu, nakuuliza wewe. Ya kaka yako iko wapi?"

"Mama, ni ya akiba tu. Nilidhani moja inatosha."

"Nani kakwambia? Siku ile nazaa, mmoja alitosha?"

Landu akajiziba mdomo kwa kiganja. Tangu ajue kuhesabu alikuwa akiwanunulia kaka zake vitu viwiliviwili, mpaka wenzake sokoni walimtania kwamba hata chumvi anainunua jozi. Na leo alikuwa amesimama mbele ya muuzaji akasema "moja", kwa sauti ya kawaida, kama anayenunua kiberiti. Machozi yakamjaa.

"Yameze hayo," Mama akasema. "Yameze haraka. Unataka amwite na huyu?"

Akamnyooshea Nsimba mwiko, na pondu ikadondoka juu ya kioo cha bluu. Nsimba akaifuta kwa kidole gumba. Yeye alikuwa mtu wa mjini, amesoma sekondari. Hakuamini kwamba mtu aliyelala makaburini anaweza kuona wivu juu ya plastiki. Ila alimjua Nzuzi. Na alimwona mama yake, ambaye alikuwa amebakiwa na pacha mmoja wa kumwogopea.

"Nitaifuata mwenyewe," akasema.

Dukani, muuzaji alitikisa kichwa. "Zimekwisha, mzee. Yule dada alichukua ya mwisho. Kuna hii ya kuonyeshea wateja, lakini wameikanyaga mpaka ikafa. Haiwaki."

Ilikuwa ileile, vitufe vilevile, isipokuwa kioo kilikuwa cheusi. Nsimba aliishika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuikagua.

"Naichukua."

"Mzee, mimi ni mfanyabiashara, lakini nina mama. Hii hata fundi kaishindwa. Ngoja mzigo mwingine."

"Yangu inawaka. Hii ni ya pacha wangu."

"Sasa yeye ataitumiaje?"

"Ana njia zake."

Muuzaji akamtazama, na polepole akaelewa. Hakusema pole, pacha hapewi pole. Alichukua kitambaa akaifuta mashine vumbi, akaipanga kwenye boksi jipya pamoja na waya wake na karatasi ya maelezo.

"Kaenda mbali?"

"Kuokota kuni."

"Akirudi atakuwa amechoka," muuzaji akasema, akalifunga boksi kwa kamba.

Jumamosi mchana watu walijaa uani. Mashine moja iliwekwa miguuni pa Nsimba, nyingine mbele ya kiti kitupu.

"Mbona hii ina giza?" Mama akauliza.

"Ndivyo anavyopenda."

Mama akafikiri. "Hata utotoni alikuwa mvivu wa kuwasha taa," akasema, akazipaka zote mbili chokaa nyeupe ya mapacha, mstari mmoja kila moja.

Kabla ya kuanza, Nsimba aliinama akauzima mwangwi.

"Utabaki mkavu, gita peke yake," Makiese akamnong'oneza.

"Nibaki."

Akapiga kifungu, akaacha nafasi. Wachezaji wakajikwaa. Watu wa Ngaba wanaweza kucheza chochote isipokuwa shimo. Makiese akataka kuliziba kwa ngoma, Nsimba akamkatalia kwa macho. Kila nafasi ilipofika aliiacha wazi, na akaongeza kidogo, kwa ajili ya mtu anayechelewa.

Mama Mapasa ndiye aliyeanza kuimba ndani ya nafasi hizo, matusi ya mapacha, kwa sauti iliyokwaruza: Nzuzi mlafi, Nzuzi kichwa kikubwa ulinipasua. Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Kwenye ubeti wa tatu akakatisha katikati ya tusi. Akasema pondu inaungua, akaondoka kwenda jikoni. Moto wa jikoni ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Nsimba aliendelea kupiga. Nafasi ilipofika tena, akanyoosha mguu mpaka kwenye kiti cha pili, akakanyaga kitufe cha mashine ya kioo cheusi. Akangoja jibu. Kisha akakikanyaga tena.