Ukingo Mweusi wa Kioo cha Mama

Burhani Semboja, mtoto wa Mabawa, Tanga, hakuwa mtu wa majivuno, ila ukimgusa kwenye habari za kingo za vioo hutoki leo. Alifanya kazi katika karakana ndogo Kensington, Johannesburg, akitengeneza vioo vya matangazo vya saluni na mabucha. André, Mkongo wa Lubumbashi, ndiye aliyekata fremu. Burhani alichora sakiti.

Kila kioo cha picha kimefanywa kwa mistari, na kila mstari una sakiti yake ndogo inayouamrisha uwake zamu yake ikifika. Hizo sakiti hukaa pembeni, zimefunikwa kwa ule ukingo mweusi unaouona bila kujiuliza una kazi gani. Ukitaka ukingo mwembamba, lazima uzibane sakiti. Kazi hiyo haina haraka wala haina shukrani, na Burhani aliipenda kupita kiasi.

Kila Ijumaa baada ya swala, mama yake, Bi Tabia, alimwona kwenye simu ya Nusaiba, dada mtu. Ijumaa moja, mwaka jana, mama alisema, "Nakuona, mwanangu, ila una weusi pembeni. Kama mtu anachungulia dirishani."

Burhani alicheka. "Ni hiyo simu ya Nusaiba, mama. Ukingo wake mnene kama pindo la mkeka. Ngoja nikutengenezee kioo changu, unione mzima mzima."

Fundi ndivyo alivyo: ukimlalamikia, hutafuta kosa kwenye chombo. Na kwenda mwenyewe hakuweza. Alikuwa na miaka kumi na moja Johannesburg, kibali chake bado kinasubiri majibu, na ukitoka katika hali hiyo, kurudi usahau. Basi alichoweza kupeleka nyumbani ni uso wake, na akaapa kuupeleka wote.

Ikawa kazi ya miezi saba. Alijaribu sakiti moja ihudumie mistari miwili, huu kwanza, ule baadaye. Ikapata moto, mistari ikawa inapepesa. Akazipunguza, akazipanga upya, nyingine akazikunja nyuma ya kioo kwa utepe mwembamba wa shaba. André alimtazama akatikisa kichwa.

"Eish, ndugu yangu, unajichokesha bure. Mama anataka kuona mtoto, haiko écran, haiko kioo anataka."

"Wewe kata mbao," Burhani alimjibu.

Kila Ijumaa alimpa mama habari. Mama, ukingo umebaki upana wa kidole. Mama, sasa ni nusu kidole. Siku aliyomwambia umebaki upana wa punje ya mchele, sauti ilimtetemeka kama mwanafunzi aliyefaulu. Mama naye hakuacha kumwombea. "Hongera, baba. Mikono yako isipate dhara." Hakuna kilichompa Burhani raha kama dua ile, na asubuhi yake aliwahi karakana kabla ya kila mtu.

Bakiri, mfanyabiashara aliyekuwa akirudi Tanga kwa mabasi, alikibeba kioo kimefungwa ndani ya blanketi. Wiki mbili baadaye, Ijumaa adhuhuri, Nusaiba alikitundika ukutani, akakiunga na simu yake, akaielekeza kamera kwa mama. Burhani aliketi mbele ya kompyuta ya karakana. Akamwona mama, amevaa kanga mpya, ameketi wima kama anapigwa picha ya paspoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka, mbona hatu..." Nusaiba alianza, lakini mama alimkata kauli.

"Nakuona! Weusi wote umekwisha. Mashallah, nakuona mzima. Umependeza!"

Burhani alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Ndipo akaona, kwenye kona ya kompyuta, picha yake mwenyewe: giza tupu. Utepe wa gundi alioubandika kwenye kamera ya kompyuta kuzuia vumbi la mbao za André, alikuwa hajaubandua. Kioo alichokihangaikia miezi saba kilikuwa cheusi ti ukutani kwa mama yake, na mama yake alikuwa anakitabasamia.

Aliubandua utepe. Mama hakushtuka wala hakupepesa. Burhani aliona sasa kuwa hata hatazami kioo, anatazama ukuta pembeni yake.

"Mama. Nimevaa nini?"

Nusaiba aliziba mdomo kwa ushungi, kisha akasema yote kwa mkupuo mmoja. Ni presha ya macho. Ilianzia pembeni, ikaja katikati, na tangu kabla ya Ramadhani mama haoni kitu. Daktari amesema wangewahi, matone yangeizuia. "Alitukataza tusikwambie. Alisema mtu aliye ugenini hashtuliwi."

"Na ningesemaje?" mama alisema. "Kila Ijumaa unanieleza umepunguza kiasi gani, na sauti yako ina furaha. Miaka yote hiyo huko, sijapata kukusikia na furaha namna ile. Niikate mimi?"

Burhani alilia. Hakulia kiume, kwa kujizuia na kukohoa. Alilia kama watoto wanavyolia, na André akaizima mashine ya mbao akatoka nje. Mama alingoja mpaka kilio kikapungua.

"Basi niambie ulivyo," alisema. "Pole pole. Anzia juu."

Burhani alijifuta uso, akajitazama kwenye ile picha ya kona, akaanza. Kichwa amekinyoa. Paji la uso limeingia mikunjo miwili. Mashavu yamepungua kidogo, si sana. Ndevu anazifuga, fupi, na upande wa kidevu zimeota mvi.

"Mvi?" Bi Tabia aliinua mkono, akaupeleka mbele hewani, ukagusa ukuta. "Una mvi, Burhani?"